EF ya 60 kabla ya upasuaji wa valvu: kwa nini haitoshi

Majibu ya eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya mgonjwa mwenye valvu ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, inayovuja mara nyingi hubeba sentensi mbili zinazopingana, na hakuna anayeshtuka. Ya kwanza husema uvujaji ni mkubwa. Ya pili husema EF ni asilimia 60, moyo unasukuma damu kama kawaida. Mgonjwa hushika ya pili. Ndugu zake hushika ya pili. Hata daktari wa hospitali ya wilaya anayepaswa kuandika rufaa, naye hushika ya pili, na tarehe ya kliniki inasogezwa miezi sita mbele. Upasuaji unakuja kufanyika mwaka mmoja au miwili baadaye, valvu mpya inakaa vizuri, na eko ya kwanza baada ya hapo inasoma EF ya 45. Ndipo familia inaanza kuulizana nani kakosea.

Kwa kawaida hakuna aliyeharibu kitu siku ya upasuaji. Ile 45 ilikuwa inaweza kukadiriwa tangu mwanzo, kwa namba ambazo tayari zilikuwa kwenye karatasi ileile. Tatizo ni kwamba hakuna aliyezikokotoa, na hakuna aliyewaambia wenyewe.

EF ni sehemu ya damu inayotoka ndani ya ventrikali ya kushoto, chumba cha chini kinachosukuma damu mwilini, kwa kila pigo. Haiulizi damu hiyo imekwenda wapi. Kwenye moyo usio na ugonjwa swali hilo halina maana, kwa sababu damu ina njia moja tu, ya kwenda kwenye aota, mshipa mkuu wa mwili. Valvu ya mitrali ikivuja zinakuwa njia mbili, na ya pili, inayorudi kwenye atria ya kushoto, chumba cha juu, ina shinikizo dogo sana. Ventrikali inajimwaga kwa urahisi kama mtu anayesukuma mlango ambao tayari uko wazi nusu. EF inapanda, au inabaki juu, wakati msuli wenyewe umeanza kuchoka.

Tuweke hesabu mezani. Chukua ventrikali inayojaa mililita 200 kabla ya pigo na kubaki na 80 baada ya pigo. Imetoa 120, yaani EF ya asilimia 60. Sasa pima damu iliyopita kwenye mlango wa aota: njia ya kutokea ina kipenyo cha sentimita 2.0, eneo lake ni sentimita za mraba 3.14, na VTI, yaani umbali ambao damu inasafiri hapo kwa pigo moja, ni sentimita 19. Zidisha, unapata takriban mililita 60. Kwa hiyo kati ya zile 120, nusu imekwenda mwilini na nusu imerudi nyuma kuelekea mapafu. Uvujaji wa mililita 60 kwa pigo, au asilimia 50 ya kinachotolewa, ndicho kiwango ambacho miongozo ya kimataifa huita uvujaji mkubwa. Ukihesabu damu iliyofika mwilini peke yake, EF ya moyo huu ni 60 kwa 200, yaani asilimia 30. Hiyo ndiyo sura halisi ya kazi anayoipata mgonjwa.

Sasa ziba uvujaji. Damu iliyokuwa ikirudi kila mara na kuijaza ventrikali kupita kiasi haipo tena, kwa hiyo ujazo wa mwanzo unashuka, tuseme hadi 150. Kinachobaki mwisho wa pigo kinategemea nguvu ya msuli, nao haujabadilika: bado 80. Imetoka mililita 70, na EF ni asilimia 47. Namba imeanguka pointi 13 bila msuli kupoteza chochote. Angalia na upande mwingine: mililita zote 70 zimekwenda mwilini, wakati kabla ya upasuaji zilikuwa 60. Mgonjwa anapanda ngazi bila kuhema na karatasi yake imeshuka. Yote mawili ni kweli.

Mgonjwa wa pili naye anajaza 200, lakini anabaki na 55 tu. EF yake ni karibu 72. Baada ya upasuaji anajaza 145 na kubaki na 60, na EF inatua kwenye 58 au 59. Uvujaji wao unaweza kuwa wa kiwango kimoja, lakini matokeo ni mawili tofauti kabisa, na kilichowatenganisha ni kile kinachobaki ndani mwisho wa kusinyaa. Ujazo huo, au kipenyo chake kinachoandikwa LVESD au LVIDs kwenye karatasi ya eko, ndicho kinachopaswa kusomwa kwanza. Mimi ningekiandika juu ya EF.

Haya si mawazo ya jana. Mwaka 1994 watafiti wa Mayo Clinic, Minnesota, nchini Marekani walichapisha takwimu za wagonjwa 266 waliofanyiwa upasuaji wa mitrali inayovuja: EF ilishuka kwa wastani kutoka 58 hadi 50 mara baada ya upasuaji, na vitu viwili vilivyotabiri EF ya baadaye vilikuwa EF ya kabla na kile kipenyo cha mwisho wa kusinyaa. Kundi hilohilo, mwaka huohuo, lilionyesha kwamba waliokuwa na EF ya 60 au zaidi kabla ya upasuaji, asilimia 72 walikuwa hai baada ya miaka 10. Wenye EF kati ya 50 na 60 walikuwa asilimia 53. Wenye chini ya 50 walikuwa 32. Ule ukanda wa 50 hadi 60, ambao kwa mgonjwa wa presha ungeitwa mzuri, kwa mwenye valvu inayovuja tayari ni hasara.

Ndiyo maana miongozo ya Marekani ya 2020 na ya Ulaya ya 2021 inasema upasuaji ufanyike EF ikifika 60 au chini, au LVESD ikifika milimita 40 au zaidi, hata kama mgonjwa hana dalili yoyote. Na hapa pana kosa la usomaji linalorudiwa sana. Watu huichukua 60 na 40 kama mstari wa usalama: ukiwa na 61 na 39 kaa utulie. Mstari huo ni mahali ambapo madhara yameshaonekana kwenye takwimu za vifo. Baadaye, mwaka 2009, takwimu nyingine za Mayo zilionyesha kwamba wenye nafasi nzuri ya kurudi kwenye EF ya kawaida ni wale waliokwenda upasuaji wakiwa na EF ya zaidi ya 65 au LVESD chini ya 36. Kati ya 36 na 40 hakuna ukuta. Kuna mteremko, na kila milimita inahesabika.

Swali la haki kwa msomaji wa huku ni hili: namba hizo zilitoka kwa nani? Zilitoka zaidi kwa watu wazima wa Marekani na Ulaya, wengi wao wakiwa na valvu iliyolegea au iliyokatika kamba zinazoishikilia. Kwetu valvu inavuja zaidi kwa sababu ya ugonjwa wa moyo wa rumatiki, ule unaoanza na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Utafiti wa REMEDY, uliosajili wagonjwa 3,343 wa rumatiki kati ya 2010 na 2012 katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, ulikuta umri wa kati ni miaka 28, theluthi mbili ni wanawake, na takriban robo ya watu wazima tayari EF yao imeshuka. Huyu si mzee wa miaka 65 wa Minnesota. Ni mama wa watoto wawili, pengine anataka wa tatu, na valvu zake zaidi ya moja zimeguswa.

Bahati nzuri Afrika ina ushahidi wake. Hospitali ya Baragwanath, Johannesburg, ilipitia wagonjwa wa rumatiki waliobadilishiwa valvu ya mitrali na kuchapisha matokeo mwaka 1994. Kitabiri kilichoshinda vingine kilikuwa kilekile: kipenyo cha mwisho wa kusinyaa. Hospitali hiyo pia ilionyesha jambo ambalo wengi hulisahau, kwamba hata rumatiki inapokuwa hai, kinachoutanua moyo ni valvu inayovuja zaidi kuliko msuli uliovimba. Maana yake, kusubiri "msuli upone kwanza" kwa mgonjwa anayezama kwa uvujaji ni kumsubirisha bila faida kwa moyo wake. Sababu ya kuchelewesha, kama ipo, ni kwamba ukarabati wa valvu unashindwa kwa urahisi zaidi tishu zikiwa bado zimevimba.

Jambo ambalo miongozo ya nje haitupi vizuri ni ukubwa wa mwili. Mwanamume wa kilo 90 na urefu wa sentimita 185 ana eneo la mwili la mita za mraba 2.15. LVESD yake ikiwa 40, ni milimita 18.6 kwa kila mita ya mraba. Msichana wa kilo 45 na sentimita 155 ana eneo la 1.39, na 40 yake ni 28.8. Kwa mwanamume yule ni mwanzo wa wasiwasi. Kwa msichana huyu moyo umeshapita mbali, na aliyekuwa akingoja ifike 40 ndiyo aandike rufaa amemchelewesha. Mwongozo wa Ulaya unataja mpaka wa milimita 20 kwa mita ya mraba. Nao usichukuliwe kama amri kwa watu wadogo: 20 mara 1.39 ni karibu 28, namba ambayo mwanamke mzima asiye na ugonjwa anaweza kuwa nayo. Njia ya busara ni kutumia mpaka huo kama kengele, kisha kumfuatilia mtu dhidi yake mwenyewe. Msichana aliyetoka 29 hadi 34 ndani ya mwaka mmoja ananitia wasiwasi kuliko mwanamume aliyekaa kwenye 40 miaka mitatu.

Ila kufuatilia milimita kunahitaji milimita za kweli, na hapa ndipo eko nyingi zinapoharibika. Kipenyo kinapimwa kwenye picha ndefu ya kandokando ya mfupa wa kifua, kwa picha bapa ya pande mbili (2D), kuanzia ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani, kwenye usawa wa ncha za valvu ya mitrali, na mstari ukikata mhimili wa ventrikali kwa pembe mraba. Mpimaji akiukata moyo kwa mshazari, duara linakuwa yai na 36 inakuwa 40. Akishusha mstari kuelekea kwenye misuli ya papilari, ile midogo ndani ya ventrikali inayoshika kamba za valvu, 40 inakuwa 35. Tofauti hizo ni kubwa kuliko mabadiliko tunayoyatafuta. Fremu nayo ni muhimu: inachukuliwa ile ambayo chumba ni kidogo kabisa, kabla tu ya mitrali kufunguka, na mwenye haraka huikosa kwa fremu mbili.

Kosa la pili ni EF inayotolewa na mashine yenyewe kutokana na kipenyo kimoja, kwa kanuni ya Teichholz. Kanuni hiyo huchukulia kwamba ventrikali ina umbo lake la kawaida. Moyo uliojaa damu ya kuvuja huwa duara kama mpira, na kanuni inapotoka. Baada ya upasuaji hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu ukuta wa kati ya ventrikali huanza kusogea ovyo baada ya kifua na mfuko wa moyo kufunguliwa, na kipimo kinachotegemea ukuta huo kinasoma EF ya uongo. Mapendekezo ya 2015 ya vyama vya eko vya Marekani na Ulaya yameshaiacha njia hiyo. Itumike ya Simpson, inayojumlisha ujazo wa vipande vya ventrikali, kwa picha mbili, ya vyumba vinne na ya vyumba viwili, mpimaji akihakikisha ncha ya moyo haijakatwa. Ncha ikikatwa, ujazo unaonekana mdogo na EF inaonekana nzuri.

Mgonjwa mwenye atria inayotetemeka, na wengi wa rumatiki wanayo, apimwe mapigo matano angalau na kuchukuliwa wastani. Pigo moja lililofuata pumziko refu linaweza kukupa EF ya 65 na linalofuata 48. Nimeona ripoti nyingi zinazotaja kutetemeka kwa atria kwenye mstari wa tatu na kutoa EF moja isiyo na maelezo kwenye mstari wa tano. Presha ya damu iandikwe pia, kwa sababu mtu aliyepimwa akiwa na 150 kwa 90 hawezi kulinganishwa na yeye mwenyewe akiwa na 95 kwa 60 baada ya dawa za kukojoa. Na ile njia ya kutokea ya aota tuliyoitumia kwenye hesabu: ukiipima 1.8 badala ya 2.0, eneo linashuka hadi 2.54 na mililita 60 zinakuwa 48. Kosa la milimita mbili limekula asilimia 20 ya jibu.

Kuna kipimo kingine kinachoingia polepole kwenye kliniki zetu, cha kuangalia jinsi msuli unavyojifupisha kwa urefu, kinachoitwa GLS. Kwa kawaida huwa karibu na asilimia 20 hasi au zaidi ya hapo. Leiden, Uholanzi, mwaka 2013 ilionyesha kwamba wagonjwa ambao GLS yao ilikuwa dhaifu kuliko 19.9 kabla ya ukarabati wa mitrali walikuwa kwenye hatari kubwa ya kubaki na ventrikali dhaifu. Nyuzi za ndani ya ukuta, zile za urefu, huchoka mapema, na GLS huzinasa EF ikiwa bado inang'aa. Ningekitumia kwa mgonjwa aliye kwenye eneo la kijivu, EF 62 na LVESD 37, asiye na dalili. Kwa mwenye EF ya 52 hakiongezi kitu, ameshachelewa tayari. Mashine za kampuni tofauti hutoa namba zinazopishana, kwa hiyo afuatiliwe kwenye mashine ileile.

Utabiri wowote unaoishia kwenye eko haujakamilika, kwa sababu nusu ya jibu liko mikononi mwa mpasuaji. Zamani iliaminika kwamba uvujaji ni kama mlango wa kupumulia, ukiuziba ventrikali dhaifu inakufa kwa mzigo. Imani hiyo iliwanyima wagonjwa wengi upasuaji. Baadaye ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya anguko ilitokana na mpasuaji kukata kamba zinazoiunganisha valvu na misuli ya papilari. Kamba hizo hazishiki valvu tu. Zinavuta ukuta wa ventrikali kutoka ndani na kuupa umbo. Walton Lillehei alishauri zibakizwe tangu 1964, na haikusikika kwa muda mrefu. Utafiti mdogo wa 1992 uliweka namba: waliokatwa kamba zote EF ilitoka 60 hadi 36. Waliobakiziwa ilitoka 63 hadi 61. Hakuna dawa yoyote ya moyo inayoleta tofauti ya ukubwa huo.

Kwa rumatiki maneno ni rahisi kuliko kazi. Kamba zimenenepa, zimefupika, zimeshikamana, na kipande cha mbele cha valvu mara nyingi ni kigumu kiasi kwamba kukiacha kunaweza kuziba njia ya aota au kunasa kwenye valvu ya chuma. Hata hivyo kipande cha nyuma na kamba zake huweza kubakizwa kwa wagonjwa wengi, na panapokuwa hakuna cha kubakiza, kamba za bandia za nyuzi za Gore-Tex zinaweza kushonwa kutoka kwenye papilari hadi kwenye pete ya valvu. Inaongeza muda kwenye mashine ya moyo na mapafu, ndiyo. Kwa ventrikali iliyochoka ni muda wenye thamani. Ripoti ya upasuaji isiyosema kamba zipi zimebaki inamwacha daktari wa kliniki gizani, na ni neno moja tu la kuandika.

Ukarabati wa valvu, pale unapowezekana, hulinda ventrikali na humwondolea mtu warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya maisha. Lakini ukarabati wa rumatiki unaweza kuharibika ndani ya miaka michache, na kwa anayeishi saa nane kutoka hospitali inayofanya upasuaji wa moyo, kurudi mezani mara ya pili si jambo la kusema kwa wepesi. Valvu ya chuma nayo inadai INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ya 2.5 hadi 3.5 kila mwezi, na kwa mwanamke anayetaka kuzaa warfarini ni mtihani mzito. Uamuzi huu unabadilisha EF inayotabiriwa, kwa hiyo ufanyike kabla ya kuwapa ndugu namba, siyo siku ya upasuaji.

Baada ya upasuaji, eko ya wodini ina kazi tatu: kuona kama valvu inakaa vizuri, kama kuna maji kwenye mfuko wa moyo, na kama anguko la EF linalingana na lililotabiriwa. Pointi 8 hadi 15 kwa mtu aliyekuwa na LVESD ya 42 ni jambo la kutarajiwa. Pointi 25, au ukuta mmoja usiosogea, ni jambo la kutafutia sababu saa hiyohiyo. Mshipa wa sakamfleksi hupita karibu kabisa na pete ya nyuma ya mitrali, na sindano ya mpasuaji inaweza kuuvuta au kuuziba: ukuta wa pembeni unakufa. Viputo vya hewa hupenda kuingia mshipa wa kulia wa moyo, kwa kuwa mdomo wake uko mbele na juu mgonjwa akilala chali, na ventrikali ya kulia inazimia, kwa kawaida kwa muda mfupi. Msuli usiopozwa vizuri wakati wa kusimamishwa hulegea wote kwa pamoja. Kipimo cha TAPSE, cha jinsi ventrikali ya kulia inavyosogea, kinachoshuka chini ya milimita 17 kisikuogopeshe peke yake, karibu kila moyo uliofunguliwa hushuka hapo.

Eko ya kulinganishia ni ya wiki 6 hadi miezi 3, na hukumu ya EF isitolewe kabla ya miezi 6 hadi 12, maana baadhi ya mioyo hupanda taratibu ventrikali inaponywea. Akibaki chini ya 50 atibiwe kama mwenye moyo dhaifu, kwa dawa zilezile: enalapril au mwenzake, kizuia-beta, spironolaktoni, kadiri presha na figo vinavyoruhusu. Mwanamke wa umri wa kuzaa aambiwe wazi kwamba enalapril na mimba haviendi pamoja. Na sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, ya kuzuia rumatiki isirudi, haikomi kwa sababu valvu imebadilishwa. Zipo valvu nyingine tatu.

Ninachodai si mashine mpya. Kila ripoti ya uvujaji mkubwa wa mitrali iwe na mistari minne zaidi: LVESD kwa milimita na kwa mita ya mraba, ikiwekwa pembeni ya ile ya mara iliyopita, damu inayokwenda mbele kwa mililita, presha na mpangilio wa mapigo wakati wa kipimo, na EF inayotarajiwa baada ya upasuaji, kwa ukanda, mathalani 45 hadi 50. Mgonjwa asikie ukanda huo akiwa bado kwenye kiti cha kliniki. Atakayepinga kwamba utabiri unaweza kukosea, ni kweli utakosea, na kwa mtu mmoja mmoja hukosea sana kuliko kwa kundi. Ukanda unaokosea kwa pointi tano bado ni bora kuliko ukimya unaomfanya mtu aamini 60 yake.

Tatizo gumu zaidi liko kwenye foleni. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, Uganda Heart Institute ya Kampala, Tenwek ya Bomet, King Faisal ya Kigali: zote hizi hupokea watu wengi, na foleni yoyote hupangwa kwa kawaida kwa kuangalia nani anahema zaidi. Aliyefika na EF chini ya 30 na LVESD ya zaidi ya 55 anagusa roho, na kumpasua huko ni jambo linalobishaniwa hata na mabingwa. Nyuma yake yuko binti wa EF 61 na LVESD 38 ambaye anafua, anabeba maji, hana malalamiko, na ambaye akipasuliwa mwezi huu ana nafasi nzuri ya kubaki na moyo wa kawaida. Sina hakika kwamba ni haki kumtanguliza. Nina hakika kwamba asipopewa tarehe kabisa, ataipata akiwa amefika alipo yule wa kwanza. Kwa uchache, foleni ikivuka miezi mitatu apimwe upya LVESD na mpimaji yuleyule, kwenye mashine ileile, na ikipanda milimita tatu nafasi yake isogezwe bila kungoja aanze kuhema.